Mafundi Wadogo wa Blandina Jilala

Marehemu aliagiza wasifu huu usomwe kabla ya chakula, si baada yake, na asiwepo mtu wa kuufupisha. Kamati ya mazishi ilijaribu kuufupisha, ikashindwa. Wenye njaa wavumilie kidogo. Sababu ya agizo hilo itajulikana kabla hatujatawanyika.

Blandina Jilala Bujiku alizaliwa tarehe 14 Juni 1973 hapa Ngulyati, wilayani Bariadi, enzi hizo tukiwa bado Mkoa wa Shinyanga. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Jilala Bujiku na Mama Maximiliana. Aliyemtangulia ni Mayala, na aliyemfuata ni Elia, ndiye huyu anayewasomea. Mama Maximiliana alifariki mwaka 1980, muda mfupi baada ya kumzaa Elia. Mwaka uliofuata Mzee Jilala alimwoa Mhoja, binti wa Lalago, ambaye hakujaliwa mtoto wa tumbo lake lakini alikuta watatu wanamsubiri mlangoni, mmoja wao analia. Wapenzi wa hadithi za mama wa kambo leo wataondoka hapa wamenuna, maana Mhoja hakumnyima mtu chakula, hakumchoma mtu na kijinga cha moto, na kofi alilowahi kumpiga Blandina ni moja tu, tena Blandina mwenyewe alikiri kwamba lilichelewa.

Msimu wa pamba ulipokaribia, kina mama wa jirani walikuwa wakikusanyika uani kwa Mhoja kushona magunia yaliyotoboka. Blandina aliipenda kazi ile kuliko mchezo wowote. Mhoja alikuwa akiliinua gunia kwenye jua na kulichungulia kwa ndani mpaka aone mwanga unapopenya. Akiona tundu alilibana kwa vidole, hasemi kitu, anamsubiri wa pili. Wa pili alishika na kumwita mwenye kisu. Mwenye kisu alikata nyuzi zilizooza. Wa nne alisokota kamba mpya akifuata msuko wa upande mzima, na wa mwisho akafunga fundo. Mhoja alichungulia jua na kupulizia moto wa kinyesi cha ng'ombe kwa miaka mingi, na macho yake yakawa mekundu. Watu wayakumbuke macho hayo, tutayarudia.

"Mayu, bosi wenu ni nani?" Blandina alimwuliza mama yake huyo siku moja.

"Hakuna bosi hapa, ng'wanawane. Bosi ni tundu."

Alisoma Shule ya Msingi Ngulyati kuanzia mwaka 1981 hadi 1987, kisha sekondari mkoani Shinyanga. Kidato cha tatu, mwalimu wa baiolojia alifundisha kwamba kila seli inapogawanyika hunakili maelekezo yake yote, yaani DNA. Blandina akanyoosha mkono.

"Na ikikosea kunakili?"

"Haikosei. Kaa chini."

Alikaa chini. Lakini mtu aliyekulia penye magunia hawezi kuambiwa kuna kitu kisichotoboka akaamini. Wakati huo baba yake alikuwa ameshafariki, mwaka 1989, kwa ugonjwa wa tumbo, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne. Aliyemsomesha tangu hapo ni Mhoja, kwa pamba yake, kwa michembe yake ya viazi vya kukausha na kwa ukaidi wake. Mwaka 1995 Blandina alijiunga na chuo kikuu jijini Dar es Salaam, akahitimu shahada ya kwanza mwaka 1998, na baadaye, mwaka 2012, akatunukiwa shahada ya uzamivu. Ukoo ulipomwita daktari na kumletea mgonjwa wa jino, alimtazama huyo mgonjwa kwa huruma, akampa chai.

Tarehe 11 Agosti 2001 alifunga ndoa takatifu na Ndugu Fredrick Maganga wa Lamadi, fundi wa majokofu, aliyeitwa maabara jijini Mwanza kutengeneza jokofu moja na akawa anaitwa tena na tena, mpaka wakubwa wa maabara wakashangaa jokofu gani hilo. Baba mdogo Ndalahwa Bujiku, mdogo wake Mzee Jilala na msemaji wa ukoo, alilalamika kwamba watu wa ziwani wanaleta harufu ya dagaa kwenye zizi la ng'ombe. Dagaa wale waliletwa, na baba mdogo ndiye aliyewamaliza. Ndoa hiyo ilijaliwa watoto wawili, Winnie na Elina.

Kazi yake yote ya utafiti aliifanya Mwanza, na yote ilikuwa juu ya bakteria. Si wale wabaya wa magazetini; ni wale wa kawaida wanaoishi tumboni mwa kila mmoja wetu hapa, pamoja na waheshimiwa waliokaa kwenye viti vya plastiki vyenye mikono. Alitaka kujua bakteria anafanya nini pale kunakili kunapokosea. Alipenda kueleza hivi: DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana, na kila herufi ya uzi mmoja ina mwenzake wa kushikana naye kwenye uzi wa pili. Bakteria akitaka kugawanyika, nyuzi zinaachana na kila mmoja unatengenezewa mwenzake mpya. Protini inayonakili ina haraka kama mtu anayewahi gulio, kwa hiyo mara mojamoja inaweka herufi isiyoendana na mwenzake, na uzi unapinda pale.

Hapo ndipo mafundi wadogo wanapoingia. Wa kwanza, anayeitwa MutS, hutembea juu ya uzi ameukumbatia, na akifika penye mpindo anasimama. Peke yake hana lolote la kufanya zaidi ya kusimama. Anakuja wa pili, MutL, anamshika wa kwanza, kisha anamwamsha wa tatu, MutH, mwenye kisu. Sasa mwenye kisu atajuaje uzi upi ndio wenye kosa? Marehemu alipofika hapa macho yake yalikuwa yakimeta. Alisema uzi wa zamani umeshapigwa chapa, kama ng'ombe wetu, na uzi mpya ni ndama ambaye bado hajapigwa. Mwenye kisu anakata usio na chapa. Wanakuja wengine: wa kufumua, wa kula kipande kibovu, wa kujaza upya kwa kuusoma uzi wa zamani, na wa mwisho anafunga fundo.

"Hakuna bosi," alikuwa akiwaambia wanafunzi wake. "Bosi ni kosa."

Kwa miaka mingi alihangaika na swali moja dogo: huyo wa pili anajuaje kwamba wa kwanza amesimama? Alilea bakteria wazima, na wengine waliokosa huyo wa pili. Hao waliomkosa waliishi, walikula, waliongezeka. Ukiwatazama hawana neno. Lakini makosa yalijaa ndani yao kizazi baada ya kizazi, ingawa mwenye kuona yupo na mwenye kisu yupo. Mkubwa mmoja wa ofisi alimwuliza utafiti huo utamsaidia nini mkulima wa pamba. Marehemu alimjibu kwamba, kwa taarifa zilizopo, mkulima wa pamba naye ametengenezwa kwa seli.

Aya inayofuata kamati iliomba iondolewe. Imebaki.

Mwaka 2003 kaka Mayala alifariki kwa tumbo kama baba yake, akiwa na miaka thelathini na mitano. Arobaini haikufika, ukoo ukakaa. Ikasemwa kwamba Jilala alikula chakula cha Mhoja akafa, Mayala alikula chakula cha Mhoja akafa, na macho ya Mhoja, mekundu kama ya mchawi, kila mtu anayaona. Aliyesema kwa sauti ni baba mdogo Ndalahwa. Waliosema kwa kunyamaza ni wengi, na baadhi yao leo wamevaa vitenge vya sare. Mhoja alifungasha sufuria zake akarudi kwa kaka yake Lalago. Blandina alifika kutoka Mwanza siku iliyofuata akakuta jiko limebomolewa. Alisimama pale alipokuwa akichungulia magunia akiwa mtoto, akamwambia Elia, "Nitamrudisha." Hakusema kwa namna gani, kwa sababu hakujua.

Kilichomwamsha ni vitabu vyake mwenyewe. Binadamu naye anao mafundi hawa, ndugu wa mbali wa wale wa bakteria. Kila mtu huzaliwa na maelekezo ya kumtengeneza fundi wa pili mara mbili, ya baba na ya mama. Ziko koo ambamo moja ya hizo nakala ni mbovu tangu tumboni. Mtu anaishi vizuri kwa ile moja iliyobaki. Lakini ikitokea ndani ya seli fulani, hasa za utumbo, hiyo moja nayo ikaharibika, makosa yanajaa pale bila mshonaji, na uvimbe unaota mtu angali kijana. Blandina alitoa damu yake, wenzake wakaipima nje ya nchi. Majibu yalirudi mwaka 2014. Fredrick anasimulia kwamba aliyasoma akiwa amesimama, kisha akakaa sakafuni. Yeye mwenyewe alikuwa nayo hiyo nakala mbovu. Mtu mwingine angempigia simu padre. Yeye alimpigia mdogo wake.

"Elia, siyo Mhoja."

"Dada, unaumwa?"

"Nisikilize kwanza. Siyo Mhoja. Ni sisi."

Mwezi Agosti 2016 aliomba kikao cha ukoo, hapa hapa uwanjani. Hakuja na mabango wala projekta. Alipanga watu mistari miwili, wakitazamana: mwenye jembe atazamane na mwenye kibuyu, mwenye fimbo atazamane na mwenye kigoda. Mstari wa zamani aliupaka chokaa mikononi, ndiyo chapa. Katikati ya mstari mpya akachomeka kosa, jembe likitazamana na kigoda. Kisha akamteua Mama Philomena, mwenyekiti wa kina mama wa kigango, awe fundi wa kwanza, kwa kuwa anaona dosari ya kila mtu hata padre akiwa altareni. Fundi wa pili akawa Leonidas, mtoto wa baba mdogo Ndalahwa, mwili mkubwa na usingizi mwingi. Mwenye kisu akawa Elia.

Mama Philomena alitembea, akaona, akasimama, akapiga kelele. Leonidas akaja akamshika, akamwita Elia, Elia akawatoa wasio na chokaa, nafasi ikajazwa upya. Watu wakapiga vigelegele.

"Sasa Leonidas akalale," Blandina alisema.

Agizo hilo lilitekelezwa haraka kuliko yote. Wakarudia. Mama Philomena alifika penye kosa akapiga kelele, akaita, akatukana kidogo. Elia amesimama na kisu chake hajui aende wapi. Blandina akachomeka kosa jingine, na jingine, mpaka mistari ikawa vurugu tupu na vibuyu vikaanguka.

"Hiki ndicho kilichomuua baba," alisema. "Na Mayala. Mwenye kuona yupo, mwenye kisu yupo. Leonidas hayupo."

Baba mdogo Ndalahwa akainuka.

"Nimeelewa vizuri kabisa. Sasa tuambie, ni nani aliyemficha Leonidas?"

"Hajafichwa, baba. Tumezaliwa hivyo."

"Aa-ah! Mtu mzima na mwili ule hapotei hivi hivi. Kuna mtu kamficha. Na mpishi tunamjua."

Watu walicheka, ila marehemu hakucheka. Alisogea karibu yake akamwuliza kwa upole, "Shangazi Veronica alikufa na nini?"

Shangazi Veronica, dada yao Jilala na Ndalahwa, aliolewa Lamadi akiwa binti mdogo, kabla Mhoja hajaingia katika ukoo huu, na akafia huko huko mwaka 1996.

"Tumbo," alisema Ndalahwa.

"Alikula kwa Mhoja lini?"

Baba mdogo alikaa. Ila hakukubali, alisema atafikiri, na kwa kawaida yake kufikiri kulikuwa ni kwenda kulala.

Blandina akamfuata kwa njia nyingine. Alimtaka akapimwe utumbo Mwanza, kwa kamera.

"Kamera inapitia wapi?" baba mdogo aliuliza.

"Baba, unajua inapopitia."

"Mimi ni mzee wa kanisa!"

"Haitakuuliza dini."

Alimsumbua kwa simu mwaka mzima. Alienda mwishoni mwa 2017, akiapa njia nzima. Walimkuta na kiuvimbe kidogo kama punje ya hindi, kingali kichanga, wakakiondoa siku hiyo hiyo. Daktari alimwambia kingeachwa kingefika wapi. Baba mdogo alirudi Ngulyati mnyamavu, jambo ambalo wengi walidhani ndiyo madhara ya kipimo. Mwezi uliofuata alipanda pikipiki hadi Lalago, akiwa na ng'ombe wa kuomba radhi anayeletwa nyuma kwa miguu. Alimkuta Mhoja anapepeta mtama.

"Mwadila, mayu," alimsalimu.

Mhoja aliendelea kupepeta. "Umekuja kuchukua nini tena, Ndalahwa? Macho yangu ninayo mwenyewe."

"Nimekuja kukuchukua wewe."

"Nani kakutuma?"

"Tumbo langu."

Hapo Mhoja aliweka ungo chini. Alisema alifukuzwa mbele ya watu, basi arudishwe mbele ya watu, mchana kweupe, na Ndalahwa awe mbele amebeba sufuria. Ikawa hivyo, Jumapili ya kwanza ya Februari 2018, baada ya misa. Sufuria ilikuwa kubwa kuliko zote na ina masizi. Shati la baba mdogo lilikuwa jeupe.

Marehemu alipenda kueleza siku hiyo kama ushindi, na ilikuwa ushindi. Lakini alikuwa mtu wa kuchungulia gunia kwenye jua, na aliona palipobaki tundu. Mhoja alisalimiwa, alipewa kiti, aliitwa mama. Penye harusi na misiba alipika kama wenzake, na sufuria yake ilirudi imejaa. Hakuna aliyemtukana. Walisema tu wameshiba. Blandina alikuwa akila kwenye sufuria ile peke yake, anaongeza, anaongeza tena, huku anawatazama watu mmoja mmoja.

Kuhusu ugonjwa: marehemu alipima utumbo wake kila mwaka bila kukosa, na mara mbili walimwondolea viuvimbe. Asitokee mtu wa kusema alijisahau. Mwezi Novemba 2024 ugonjwa ulimjia kwenye kongosho, mahali ambapo kamera ile haifiki. Alitibiwa Mwanza, kisha Dar es Salaam, na mwezi Mei mwaka huu akaomba arudishwe Ngulyati. Mhoja alimpikia uji wa mtama asubuhi na jioni. Alipokuwa hawezi tena kumeza, aliomba kikombe kiletwe hivyo hivyo, akakinusa.

"Mayu, umeweka ukwaju."

"Nimeweka kidogo."

"Wabeja," alishukuru.

Padre alipokuja kumpa mpako wa wagonjwa alimwuliza kama anaogopa. Alisema anaogopa kidogo, lakini amewaona bakteria wakifanya kazi ya Mungu bila kujua sala hata moja, kwa hiyo anadhani mwenye kazi yake ni mvumilivu. Padre alicheka. Katekista hakucheka. Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mhoja, Fredrick akiwa amemshika miguu.

Marehemu ameacha mume, Fredrick Maganga. Binti zake Winnie na Elina. Mdogo wake Elia. Baba yake mdogo Ndalahwa. Na wanafunzi wengi ambao sasa wanalea bakteria wake kule Mwanza. Winnie ameruhusu isemwe kwamba yeye amerithi nakala mbovu, na kila mwaka atapimwa, na Elina atamsindikiza. Elia hakurithi. Kila mwenye damu ya Bujiku hapa uwanjani anaombwa akapimwe. Leonidas ameshaenda, na wanasema hakulala njiani.

Ameacha pia mama, Mhoja. Jina lake limewekwa mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndilo linalotufikisha kwenye agizo. Kamati ilipendekeza mpishi wa kukodi kutoka Bariadi mjini. Mgane wake, Fredrick, alikataa, maana marehemu alishataja mpishi. Chakula cha leo amepika Mhoja, chote, tangu alfajiri, kwa macho yale yale yaliyotafuta matundu ya magunia yenu. Sufuria kubwa ni ile yenye masizi. Atakayepakua ni baba mdogo Ndalahwa, na sahani ya kwanza atakula mwenyewe, amesimama, mkiwa mnamtazama. Aliomba mwenyewe.

Marehemu alisema hahitaji shada wala hotuba. Alisema akiwa kule chini atajua kama ameshonwa vizuri kwa kitu kimoja tu, sufuria ile ikirudi jikoni tupu.

Alale salama Blandina, binti wa Jilala, binti wa Maximiliana, binti wa Mhoja. Na sisi sasa tukanawe mikono.